Jengo la zamani Oginga Odinga Street: bedsita nane au nyumba nne za chumba kimoja?

Ramani_Milimani: Habari wanajukwaa. Kuna jengo la mawe la ghorofa moja, la enzi za maduka ya Wahindi, karibu na Oginga Odinga Street hapa Kisumu. Mwenyewe analiuza na anataka jibu kufikia mwisho wa mwezi. Maduka ya chini yatabaki. Kuhusu ghorofa ya juu nimegawanyika: bedsita nane (chumba kimoja cha kulala, kukaa na kupikia), kila moja na choo chake, au nyumba nne zenye chumba kimoja cha kulala. Ipi inalipa?

Boriti: Sakafu ya juu ni mbao au zege? Hati ya ardhi, kama ni ya kukodi, imebakiza miaka mingapi? Jengo limetangazwa katika gazeti rasmi la serikali chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006? Likiwa limetangazwa, huwezi kulibadilisha bila kibali. Habari za kodi baadaye.

Ramani_Milimani: Mbao. Nimeambiwa halijatangazwa. Hati sijaiona.

Fundi_Kondele: Usitoe hata shilingi kabla ya kuitafuta hati hiyo kwenye ofisi ya ardhi.

Sasa sakafu. Vyoo vinane vitatawanyika, vingine vitakuwa mita nne kutoka ukuta wa nje. Bomba la choo ni milimita 110, na linashuka sentimita 1 kila sentimita 40. Kwa mita nne limeshuka sentimita 10. Ukijumlisha na unene wa bomba lenyewe unahitaji sentimita 21, na boriti za inchi sita zina kina cha sentimita 15 tu. Fundi atazikata, na boriti iliyokatwa katikati haibebi kitu. Chukua nyumba nne, vyoo viwili viwili, mgongo kwa mgongo, kwenye ukuta wa uani.

MamaKibuye: Fundi, na vyumba vikipangwa virefu na vyembamba, vyote vikigusa ukuta wa uani? Mabomba yanashuka nje, boriti haziguswi. Mimi nasimama na bedsita. Moja ikikaa wazi umepoteza sehemu moja ya nane. Kwa nyumba nne ni robo nzima.

Fundi_Kondele: Ikiwa ukuta huo unatosha, Mama, sawa. Lakini wasimwage zege bafuni. Sentimita tano ni kilo 120 kwa kila mita ya mraba kabla mtu hajaingia. Tumia ubao wa saruji, utando wa kuzuia maji, kisha vigae.

Boriti: Mnazisahau kuta. Kuna jengo la rika hilo Nakuru lililopigwa plasta ya saruji ndani na nje ili lionekane jipya. Kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia viungo. Saruji ikaziba njia hiyo. Chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta, mawe yakaanza kumeguka, plasta ikabanduka vipande vikubwa. Kibaya zaidi, ncha za boriti zilizozama ukutani zililowa kila msimu wa mvua hadi zikaoza, na sakafu ikainama upande mmoja. Toboa ncha hizo kwa biti nyembamba kabla ya kununua: unga mkavu ni salama, unga mweusi wenye maji ni uozo.

Plasta iwe chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka la milimita 10.

Fundi_Kondele: Chokaa inachelewesha kazi, omera. Kila tabaka linataka wiki nzima likiwa na unyevu.

Boriti: Wiki hizo ni nafuu kuliko kubadilisha boriti. Na chokaa inachomwa Koru hapo.

MamaKibuye: Ngazi je, moto ukizuka? Ngazi moja ya mbao, maduka chini, mitungi ya gesi juu. Dari ya maduka iwe na jipsamu tabaka mbili, na ngazi ya pili ya chuma uani. Bila hiyo hata nyumba nne nazikataa.

Ramani_Milimani: Asanteni. Uani ni mita sita kwa tisa. Tangi la lita 5,000 laweza kukaa juu ya paa?

Fundi_Kondele: Hizo ni tani tano. Lishushe uani kwenye mnara wa chuma. Chimba kwanza shimo la mita moja na nusu. Ukikuta ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, nenda chini zaidi kabla ya kumwaga msingi.

MamaKibuye: Mnara na ngazi ya pili vitatoshea hapo pamoja? Weka picha ya uani.