Yule wa sanitaiza ya bluu pale kituoni KAILAMBA mbele ya watu, na bado mnampangia foleni

Mizani ya Maabara (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si kwa corona.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa mkono wa kushoto ukishuka kituoni, mwenye spika inayokohoa kuliko mgonjwa. Januari alikuwa anauza chaja. Februari, dawa ya panya. Jumatatu ile ya tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya katangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, Jumanne asubuhi jamaa kaamka profesa wa virusi, na meza imejaa vichupa vya bluu. Mililita 50, buku tano. Bluu ile hata bahari ya Mafia haina.

Leo kaulizwa swali moja tu, kwa adabu: mzee, humo kilevi ni asilimia ngapi?

Akafungua kichupa. Akachovya kidole. AKALAMBA.

Akalamba, akameza, akauangalia umati kama kocha aliyebeba kombe, akasema kwenye spika: "Ingekuwa mbaya si ningekufa? Na wewe msomi, elimu yako imekufaa nini zaidi ya kusimama juani?" Watu wakaangua kicheko. Halafu WAKANUNUA.

Jamani. Kulamba kwake ndiyo ushahidi wenyewe! Sanitaiza ya kweli ina kilevi kati ya asilimia 60 na 80, na viwandani mara nyingi wanatia kichungu makusudi ili mlevi asiigeuze kinywaji. Ukiilamba, ulimi unawaka, uso unakunjamana kama umeng'ata shubiri. Huyu hata kope haikucheza. Kalamba kama mtoto na ubuyu. Kinacholambika hivyo ni maji, jeli ya nywele, rangi na marashi ya harusini. Kirusi kikiingia mle kinaogelea, kinajipaka, kinatoka na ngozi laini.

Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani si siri. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333. Haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, mililita 417. Gliserini ya asilimia 98, mililita 145. Jazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita 10. Funga, iweke saa 72 kabla ya kutumia, maana peroksidi haikuwekwa kuua kirusi cha mkononi, imewekwa kuua vijimbegu vya bakteria vilivyoingia na vyombo, na kazi hiyo inataka muda. Gliserini ni ya kuzuia ngozi isipasuke. Hakuna bluu hapo. Hakuna marashi. Hakuna spika.

Saa 72! Huyu ametangaziwa mgonjwa Jumatatu, Jumanne yuko mezani. Hata kama angekuwa na ethanoli, siku tatu kazitoa wapi?

Na alilamba. Siwezi kulala. Alilamba.

Sijali Sana

Siti ya mbele kabisa. Kahawa ipo, kashata ipo.

Bibi Kipande

Mjukuu wangu, pole. Ila swali dogo: ulinunua hukununua?

Mizani ya Maabara

Hilo si la msingi.

Sijali Sana

KANUNUAAAA

Mizani ya Maabara

Viwili. Vya kufanyia vipimo. Na vipimo vimetoka: kilichokuwa ndani ya kila kichupa, ukitoa uzito wa chupa tupu, ni gramu 50. Maji ya mililita 50 ni gramu 50. Mchanganyiko wa kilevi cha asilimia 80 kwa ujazo huo haufiki gramu 44, kwa sababu ethanoli ni nyepesi kuliko maji. Tofauti hiyo hata mizani ya sonara inaiona. Kwa chupa ya lita ni rahisi zaidi: lita ya maji ni kilo, lita ya sanitaiza ya asilimia 80 ni kama gramu 860 na kidogo. Pima, toa uzito wa chupa tupu, umemaliza. Huhitaji kulamba.

Mchoma Mishkaki

Mkuu unahangaika na mizani ya nini, washa kiberiti. Ikiwaka ni kilevi, isipowaka umeibiwa.

Dawa Mseto

Mishkaki, tulia. Kiberiti kinakwambia kilevi kipo, hakikwambii kinatosha. Asilimia 50 inawaka vizuri tu na bado haijafika kiwango. Halafu moto wa ethanoli mchana wa jua karibu hauonekani, utafikiri umezimika huku unakula kidole. Ndiyo maana ukijipaka sanitaiza unasubiri ikauke kabisa ndipo usogelee jiko. Wewe na mkaa wako hasa.

Mchoma Mishkaki

Basi Konyagi je?

Dawa Mseto

Asilimia 35. Utanukia tu.

Mchoma Mishkaki

Nikichemsha ipungue maji?

Dawa Mseto

Kilevi ndicho kinachoruka kwanza, ndugu yangu. Utabaki na maji ya Konyagi. Na asije mtu hapa na hoja ya gongo, ile hujui ina asilimia ngapi wala ndani mna methanoli (kilevi cha sumu) kiasi gani. Iran mwaka huu wa 2020 watu wamekufa kwa kunywa pombe yenye methanoli, wakiambiwa inatibu corona. Na anayedhani kilevi kitupu cha asilimia 96 ndicho bora, naye kakosea. Bila maji kinaruka mkononi kabla hakijafanya kazi, na maji yenyewe yanakisaidia kuharibu protini za kirusi. Asilimia 60 hadi 80, basi.

Bibi Kipande

Nyie watoto mnasumbuka. Sabuni ya mche. Kirusi hiki kimevaa koti la mafuta, sabuni inavunja mafuta, koti likivunjika hakuna kirusi tena. Kipande cha shilingi mia tano kinaosha nyumba nzima wiki. Lowesha, paka, sugua sekunde 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba lizungushwe ndani ya kiganja (wengi wanalisahau hili), ncha za vidole zikwanguliwe kiganjani ili sabuni iingie kwenye kucha. Suuza kwa maji yanayotiririka. Si beseni moja familia nzima mnachovya kama mnakula ugali na mlenda.

Mizani ya Maabara

Asante bibi, lakini turudi kwenye mada. ALILAMBA. Na kaniuliza elimu imenifaa nini!

Konda Mstaafu

Mleta mada unalia kulambwa kidole kimoja? Njoo kwenye daladala. Tumewekewa levo siti, hakuna kusimama, safi. Halafu konda analamba kidole, anahesabu noti. Analamba, anahesabu. Analamba, anakurudishia chenji. Kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta kalamba mara mia nne, na madirisha yamefungwa eti vumbi! Dawa ya hilo ni kipande cha sifongo kwenye kopo lenye maji kidogo, kama wanavyofanya makarani wa benki. Unagusa sifongo, unahesabu. Kinagharimu chini ya nauli moja. Na madirisha yafunguliwe pande zote mbili, ukifungua upande mmoja peke yake hewa haipiti.

Sijali Sana

Mara mia nne 😂 uliihesabu kwa kulamba kidole?

KokiMbovu

Hao wote cha mtoto. Mimi naomba tumjadili yule mlinzi wa lile jengo refu, mnalijua, lenye vioo. Kabeba bomba la kupulizia mikorosho, kajaza jiki, anawapuliza watu kuanzia kichwani kama mende. Kinamama na vitenge vyao vimetoka madoadoa. Mzee mmoja kapulizwa machoni!

Dawa Mseto

Hilo ni kosa kubwa, na liishe. Jiki ni ya sakafu, vitasa na reli za ngazi. Binadamu aliyeambukizwa, kirusi kiko kooni na mapafuni, ukimpuliza shati umemharibia shati tu, na macho na koo vinaungua. Kwenye vitu, soma lebo kwanza: nyingi za madukani ni asilimia 3.5. Kopo moja la jiki kwa makopo sita ya maji inakupa asilimia 0.5, kali, ya sehemu iliyochafuliwa na mgonjwa. Kwa vitasa na meza za kila siku asilimia 0.1 inatosha, yaani kopo moja kwa makopo 34. Osha uchafu kwa sabuni kwanza, maana uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa kirusi. Paka, acha dakika 10, futa kwa maji safi kama ni chuma, la sivyo kutu. Changanya mpya kila siku, maji baridi, chombo chenye kifuniko, kivulini. Ya jana ni maji yenye harufu. Na USICHANGANYE na dawa ya choo yenye asidi wala siki, hapo unatengeneza gesi ya klorini chooni kwako, utakohoa mpaka majirani wapige simu wizarani.

KokiMbovu

Ahsante daktari. Na lile jengo hilohilo, ndoo ya kunawia ina koki ya kuzungusha. Unaifungua kwa mkono mchafu, unanawa, unaifunga kwa mkono huohuo uliokwisha nawa. Yaani umerudishiwa chenji yako yote.

Bibi Kipande

Funga kwa kiwiko. Au mwagia koki maji yenye sabuni kabla ya kuifunga.

KokiMbovu

Bibi, koki yenyewe imebana kama pingu, kiwiko hakiiwezi. Sabuni hakuna tangu Jumatano. Maji hayapo tangu jana. Ndoo ipo kwa ajili ya picha.

Kijana wa Vibuyu

Sasa ndugu zangu kwa nini mnateseka na koki wakati kibuyu chirizi kipo? Tulikifundisha shuleni kwa ajili ya kipindupindu, mkakicheka. Miti miwili ya panda, kama mita mbili, ichimbie nusu mita na ushindilie mawe. Mti mmoja ulale juu ya panda. Dumu la lita 5 linaning'inizwa hapo kwa mkono wake. Toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto, upande wa mbele, chini kidogo ya shingo, na maji yasizidi usawa wa tundu. Kamba inatoka shingoni inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Mkono haugusi kitu ila sabuni, na sabuni imetobolewa ikaning'inizwa pembeni, juu yake weka kifuu kuikinga na mvua. Chini mwaga kokoto, bila hivyo kesho una tope na mbu.

Konda Mstaafu

Chetu maji yanaisha kabla watu watatu hawajanawa.

Kijana wa Vibuyu

Mambo mawili hapo. Tundu lako ni kubwa, au kamba ni fupi. Kamba ikiwa fupi dumu linakaa limeinama muda wote na kuvuja. Ikiwa ndefu unakanyaga hadi ardhini na maji hayatoki. Kijiti, mtu akiwa hajakikanyaga, ncha yake iinuke kama shibiri moja toka chini.

KokiMbovu

Shibiri ya nani? Ya kwako au ya mtoto wa darasa la pili? Toa sentimita, mkuu, unatuchanganya.

Kijana wa Vibuyu

Sentimita 15 hadi 20, umeridhika?

Mchoma Mishkaki

Uongo, chetu ni 10 na kinamwaga fresh.

Kijana wa Vibuyu

Kwa sababu umetoboa tundu chini sana, Mishkaki. Weka picha tukuaibishe.

Binti Kariakoo

Mnaongelea maji, sisi huku barakoa zinajaribiwa! Mteja anaipachika, anajiangalia kwenye kioo cha pikipiki, "hii hainipendezi", anarudisha. Anakuja wa pili, usoni, anarudisha. Wa nane ndiye ananunua. Kapata na mafua ya saba wa mbele yake bure. Na akiivaa anaweka upande wa bluu ndani, waya wa pua uko kidevuni.

Bibi Kipande

Na akitaka kuongea na simu anaishusha kidevuni. Mjukuu, na malimau je? Hapo Kariakoo ni bei gani sasa? Huku tangawizi imekuwa dhahabu.

Binti Kariakoo

Bibi usiulize, nitalia. Na limau haliui kirusi, linanogesha chai.

Bibi Kipande

Chai yenyewe ndiyo nayoitaka.

Mizani ya Maabara

Wakuu, naona mmehama. Nimerudi kituoni jioni hii. Kaongeza bei, buku sita. Kuna mteja kamuuliza swali langu lilelile, na KALAMBA TENA. Kichupa kile kile! Kidole kile kile! Yaani sasa kila mnunuzi anauziwa na mate. Nani ana namba ya watu wa viwango tukaripoti?

Konda Mstaafu

Kijana wa Vibuyu, dumu lililokuwa na mafuta ya kula linafaa?

Kijana wa Vibuyu

Linafaa sana. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, tikisa na mchanga kidogo ndani. La dawa ya shamba au mafuta ya taa usiguse. Mkono wa dumu ukiwa umepasuka usilitundike, litamwangukia mtu mguuni likiwa limejaa.

Mchoma Mishkaki

Picha hii hapa. Sema sasa.

Kijana wa Vibuyu

Mishkaki, hilo tundu umelitoboa kwa nondo?