Sheria za mabato (boti): kule mto Rhine, Ulaya, zinafanywa upya kila miaka miwili, huku Ziwa Kivu tufanyeje?

MwanaKituku
Wakubwa, jambo. Niko Goma, kwetu kuna wenye bato ya abiria na mizigo ya Minova, mji mdogo kando ya ziwa. Nimesoma kwamba Ulaya kanuni za kiufundi za meli za mito zinaitwa ES-TRIN, kamati ya CESNI inazitoa upya kila miaka miwili. Huku tangu ajali ya bato ya Aprili 2019, Rais Tshisekedi aliposema jile (koti la kuelea majini) ni lazima, tunaongea jile tu. Swali langu ni hili, sheria ikibadilika mwenye bato ya zamani anafanya nini? Maana mutu amejenga ya mbao kwa deni, ukimwambia kesho si halali ataenda kupakia usiku pasipo mkaguzi.

FundiMbao
Kule Ulaya hawaitupi, kaka. Kuna muda wa mpito. Bato ya zamani inaendelea, ila siku unabadilisha kitu, tuseme injini, kile kipya kinafuata kanuni ya sasa, na mambo mengine yanapewa tarehe ya mwisho inayojulikana mapema. Cheti nacho kinaisha, meli mpya ya abiria haipiti miaka 5, zingine 10, halafu inarudi kukaguliwa. Hiyo njo ingetusaidia sana, maana mutu anaongeza ghorofa juu, uzito wote unapanda, na karatasi ni ile ile ya zamani!

MamaMinova
Wanangu, MV Merdi ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 ikiwa imeshafika karibu na Kituku, bandari ya Goma, watu wa ufukoni wanaangalia. Jile ni ya lazima, sikatai, lakini bato ikilala upande na wewe uko chini katikati ya magunia, jile inakupandisha inakubana ku dari, utatokea wapi? Na musiseme abiria wamejitakia, barabara ilikuwa imefungwa na vita. Mimi nataka mstari wa rangi ubavuni, maji yakiufikia bato haiondoki, hata mama asiyesoma atauona na atakataa kupanda.

FundiMbao
Mama ana haki kabisa. Ila mstari haupakwi kwa macho. Bato inaweza kuwa juu ya maji vizuri na bado ikalala, kwa sababu ikikaribia bandari wote wanasimama na kujaa upande wa kushukia. Kule Rhine wanahesabu hiyo hiyo, abiria wakijazana upande mmoja, upepo ukipiga, meli ikikata kona, ndipo cheti kinaandikwa idadi ya watu.

MwanaKituku
Aksanti sana mama, aksanti fundi. Na bato isiyo na mchoro, yetu ilijengwa na fundi wa kijijini, inapimwaje?

FundiMbao
Inapimwa. Asubuhi ziwa likitulia, unachukua uzito unaoujua kilo zake, unauhamisha toka upande mmoja mpaka mwingine, na kamba inayoning'inia yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni inakuonyesha bato imeinama kiasi gani. Hesabu inatoka hapo, mchoro wa mwili wa bato mutauchora kwa kuupima wenyewe. Ila ghorofa ya juu muitoe kwanza.