Udongo wa mbuga umetoa njano kwenye pNPP, hiyo ni protini fosfatezi au siyo?

kijana_buhongwa
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho chuo hapa Mwanza, projekti yangu ni protini fosfatezi za bakteria wa udongo. Nimechota udongo wa mbuga (ule mweusi mzito) Misungwi kwenye jaruba la mpunga la mama mdogo, na luseni (ule wa kichanga) kule juu kwenye mihogo, nikaweka pNPP, ile kemikali inayotoa njano enzaimu za fosfatezi zikiikata, nusu saa nikamwaga sodiamu haidroksaidi, ile ya mbuga ikawa njano kama umetia bizari, ya luseni njano kwa mbali. Nikaandika bakteria wa mbuga wana protini fosfatezi nyingi zaidi, supavaiza kairudisha na neno moja tu, "umejuaje?" Sasa rangi si imetoka jamani, nijueje zaidi ya hapo? Naomba msaada nawasilisha wiki ijayo

mzee_wa_pamba
Mdogo wangu hiyo njano ni fosfatezi za kawaida tu, zile zinazovunja masalia ya samadi na majani mpaka mmea upate fosfeti, hata mizizi ya mpunga yenyewe inazitoa. Kwa sisi wakulima ndo za maana. Badili kichwa cha habari umalize

dada_wa_petri
Mzee wa pamba yuko sahihi kuhusu rangi ila kichwa usibadili bado, swali lako ni zuri sana.

pNPP haichagui, fosfatezi yoyote ikiikata inatoa njano. Protini fosfatezi yenyewe inafanya kazi ndani ya seli, kuna kinezi inabandika fosfeti kwenye protini na hii inakuja kuibandua, ni kama swichi. Chukua Bacillus subtilis, huyu yumo kwenye udongo karibu wote. Akipata njaa anajigawa vipande viwili visivyolingana, kikubwa na kidogo, halafu protini fosfatezi inaitwa SpoIIE inaivua protini nyingine, SpoIIAA, fosfeti yake, SpoIIAA ikishavuliwa inaing'ang'ania SpoIIAB ambayo muda wote ilikuwa imeishikilia sigma F (protini inayowasha jeni za spora), basi sigma F inaachiwa, tena kwenye kile kipande kidogo tu, na hapo ndo spora inaanza kutengenezwa. Ukiiondoa SpoIIE spora hupati. Fikiria ile mbuga mwezi wa nane imepasuka mpaka mguu unaingia, hao wadudu wamo mle wamelala wanasubiri mvua, na fosfeti moja kubanduliwa ni sehemu ya sababu wako hai. Mimi hilo bado linanishangaza kila nikilifundisha.

Sasa nikuulize, uliweka chupa ya udongo na sodiamu haidroksaidi BILA pNPP?

kijana_buhongwa
Shikamoo dada. Sikuweka. Nimeenda kufanya leo mchana nimerudi sa hivi, ya mbuga imetoa rangi ya chai ya rangi bila pNPP kabisa!! luseni karibu nyeupe. Kwa hiyo njano yangu nyingine ni udongo wenyewe?

dada_wa_petri
Marahaba. Ndiyo, mboji ya udongo mweusi inayeyuka kwenye haidroksaidi na inatoa kahawia, hiyo lazima uitoe kwenye kila kipimo chako. Hapo tayari una jibu la nusu ya "umejuaje".

Nusu ya pili, toka kwenye udongo uende kwa bakteria. Koroga udongo kwenye maji safi, weka nyuzi 80 dakika 10, wengine watakufa spora za Bacillus zitabaki, panda kwenye sahani, kesho yake chukua koloni moja moja. Kusafisha protini wiki moja haitoshi usijidanganye, ila PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya jeni ya prpC inawezekana, jenomu ya B. subtilis ilichapishwa toka 1997 praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, unajitengenezea kwenye kompyuta. PrpC ni protini fosfatezi ya familia ya PP2C, inabandua fosfeti kwenye kinezi PrkC, na hiyo PrkC ndo inaisaidia spora kuamka ikinusa vipande vya ukuta wa bakteria wenzake wanaokua. Kuwa na jeni hakumaanishi enzaimu ilikuwa inafanya kazi siku ile, hilo uliandike wazi kabisa

mzee_wa_pamba
Dada swali, na akija kuisafisha baadaye atajuaje ni PP2C?

dada_wa_petri
Apime kwa peptaidi yenye fosfeti badala ya pNPP, fosfeti iliyotoka aisome kwa rangi ya malakaiti kijani. PP2C inataka manganizi au magnizi, akiweka EDTA (inakamata hizo metali) inazima, na sumu ya asidi ya okadaiki haiigusi wakati protini fosfatezi PP1 na PP2A za wanyama inazizima.

kijana_buhongwa
Asanteni sana wote. Chupa sita ziko kwenye maji ya moto nyuzi 80 hapa naandika, tatu mbuga tatu luseni, na safari hii kila moja ina ya kwake isiyo na kitu

dada_wa_petri
Sahani usizirundike mpaka agari ikauke vizuri, joto hili la Mwanza koloni zitatambaa zishikane zote.