Jengo la biashara limetufikia ukutani hapa Mbeya. Niuze nyumba au nibaki? Naombeni ushauri

Jirani wa Bonde
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Leo ni usiku wa tatu silali.

Naishi Mbeya mjini, mtaa ulio chini kidogo ya barabara kuu ya TANZAM, upande wa Soweto. Tangu mwaka jana kuna mwekezaji anajenga jengo la ghorofa nne nyuma ya nyumba yetu: maduka, stoo za mizigo na uwanja wa kuegesha malori. Walipoanza tulifurahi, tukasema mtaa utapata taa na biashara zitachangamka. Sasa hivi tipa za kokoto zinaingia kuanzia saa tano usiku, maana mchana barabara kuu imebanwa na ujenzi wa njia nne. Jiko limepasuka ukuta. Vyumba vya uani vilikuwa na wapangaji watatu. Wawili wamehama, wa tatu yupo kwa sababu nimempunguzia kodi. Mama anakohoa hadi alfajiri.

Dalali ameleta bei ya mwekezaji, milioni 65. Anasema mstari wetu wote wameshauza nimebaki mimi tu, na nikichelewa watanizungushia ukuta na bei itaporomoka. Niuze au nivumilie? Mwenye uzoefu anisaidie.

Mama Tusa
Pole sana mwanangu. Mimi nilikuwa mfanyabiashara wa vitenge Mwanjelwa soko lilipoungua mwaka 2006. Tukahamia soko la Sido, na wenye nyumba za jirani walilalamika hivyohivyo: vumbi, makelele, watu kujisaidia kwenye uchochoro. Baada ya miaka michache kila dirisha la mbele likawa duka. Kuna mama mmoja alikodisha baraza lake kwa muuza viatu, kodi ya baraza peke yake ikasomesha watoto. Halafu mwaka 2017 Sido nayo ikaungua, nikapoteza mzigo wote, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Usiuze. Biashara ikija mlangoni, fungua mlango.

Parachichi Njombe
Milioni 65! Kaka, chukua hiyo hela leo hii, njoo Njombe ununue shamba, panda parachichi aina ya hass. Baada ya miaka mitatu minne unaanza kuchuma. Mama atapumua hewa safi, na wewe utalala. Mimi nilitoka mjini na begi moja, sasa hivi nina miti mia nne.

Jirani wa Bonde
Nashukuru kaka, ila mimi ni fundi wa kushona, wateja wangu wote wako hapa. Na mama hawezi baridi ya Njombe.

Fundi Nondo
Tuanze na ukuta. Nyumba ya zamani hiyo, matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa tope, au nakosea? Mashine ya kushindilia kwa mtetemo ikipita karibu, nyumba ya namna hiyo inasikia kabla ya yoyote. Fanya hivi: chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji kikatize ufa, kimoja juu, kimoja chini. Andika tarehe ukutani kwa penseli. Kioo kikikatika, ufa bado unatembea, na hapo mama asilale chumba hicho. Piga picha kila Jumapili ukiwa umeweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Bila hayo watakwambia ufa ulikuwepo tangu enzi za babu.

Mthamini Mstaafu
Ndugu, watu wanachanganya bei na fidia, na hapo ndipo wanapopunjwa. Serikali ikitwaa ardhi yako kwa manufaa ya umma, sheria inataka ulipwe thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Mwekezaji binafsi hayuko huko. Yeye ananunua kama mtu anavyonunua ng'ombe mnadani: mkikubaliana mmekubaliana. Hawezi kukulazimisha, na wewe hakuna atakayekuongezea posho usiyoidai mezani.

Pili, mradi wa ukubwa huo uwe na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na wakazi mlipaswa kuulizwa. NEMC, wasimamizi wa mazingira, wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Nenda kwa maandishi, uombe kujua walipewa masharti gani ya saa za kazi na vumbi. Kama viwanja vyenu vimepangwa kuwa makazi, uliza pia ofisi ya mipango miji matumizi yalibadilishwa lini.

Sasa swali langu. Umeandika "nyumba yetu". Hati ina jina la nani?

Jirani wa Bonde
Asante mzee wangu, elimu kubwa. Fundi, sarafu ya shilingi mia mbili inaingia ule ufa, nimejaribu. Nyumba ni ya familia. Mimi ndiye naishi na mama, kodi ya ardhi nalipa mimi, bati nilibadilisha mimi.

Mthamini Mstaafu
Sijajibiwa. Jina la nani?

Bibi Shauri
Na mimi nimeona hilo. Kama umeoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzio. Mume wangu alijaribu mwaka fulani, mnunuzi mwenyewe ndiye aliyemkimbia.

Jirani wa Bonde
Sijaoa dada. Hati ina jina la marehemu baba, alifariki 2014. Mirathi hatukufungua kwa sababu hatukuwa na ugomvi. Tuko wawili, mimi na dada yangu mkubwa anayefanya biashara ya mchele Tunduma. Mama amekubali tuhame, kwa ajili ya kifua chake.

Mthamini Mstaafu
Na dada?

Jirani wa Bonde
Dada ana mambo mengi. Nilitaka nimwambie jambo likiwa limekaa sawa.

Fundi Nondo
Limekaa sawa vipi? Umesaini kitu?

Jirani wa Bonde
Sawa, niseme yote. Mwezi uliopita nilipokea kishika uchumba, milioni 8. Kuna karatasi tulisainiana, mimi, dalali na mtu wa mwekezaji. Salio tarehe 30 mwezi huu. Karatasi inasema nikirudi nyuma narudisha mara mbili.

Kabla hamjanirukia: ile hela sikunywa. Nimenunua kiwanja Mbalizi, milioni 5 na nusu, nyingine matofali, na mama nilimpeleka kupiga picha ya kifua. Mtu aliyeko Tunduma hasikii yale malori. Anakuja Pasaka na Krismasi, anakula, anaondoka. Ninayeamka saa nane usiku kulowanisha shuka na kulitundika dirishani ili vumbi lisimfikie mama ni mimi.

Bibi Shauri
Mdogo wangu, vile vyumba vitatu vya uani alijenga nani?

Jirani wa Bonde
Dada. Alituma hela 2018, mimi nikasimamia.

Mtumishi Iringa
Kamwene ndugu yangu. Nakuandikia kwa upendo. Dada aliyejenga vyumba vitatu kwa gunia la mchele, wewe unauza msingi aliosimamisha bila hata kumpigia simu? Kwetu Wahehe mali ya baba haiuzwi kabla kikao hakijakaa, na hela iliyopatikana hivyo haijengi. Nimeona nyumba mbili Kihesa zikivunja undugu, hadi msibani watu wanakaa mikeka tofauti. Omba msamaha kwanza, mengine yatafuata.

Parachichi Njombe
Nafuta ushauri wangu wa parachichi. Hilo ni la ukoo.

Kagua Kwanza
Wakuu, samahani nikate mazungumzo. Nimeangalia, akaunti hii imefunguliwa wiki hii. Mwekezaji hana jina, mtaa hauna jina, bei imetajwa vizuri, na mambo yanatoka kidogo kidogo kama tamthilia. Mimi naona huyu ni dalali. Anataka kupima watu wa Mbeya wataona milioni 65 ni nyingi au ndogo, na kuwatisha wakazi wengine kwamba nyumba zitapasuka wauze haraka. Tumeshaona nyuzi za namna hii za Dodoma na Dar.

Mama Tusa
Hee! Na mimi nimemwaga siri zangu za Sido hapa.

Bibi Shauri
Mtu wa kutunga asingejipaka matope kiasi hiki, lakini kweli taja kitu kimoja cha mtaani kwenu ambacho dalali hakijui.

Jirani wa Bonde
Nilifungua akaunti wiki hii kwa sababu wiki hii ndiyo nimeshindwa. Jina la mwekezaji siweki kwa kuwa nimesaini karatasi na sijui itanifanya nini.

Mnataka kitu cha mtaani. Ule ukuta wao umeziba jua la asubuhi, uani linafika saa nne. Nguo za wapangaji zilikuwa zinakauka kabla ya saa sita, siku hizi zinalala mbichi. Mwanzoni mwa uchochoro kuna mtaro wa mawe uliokuwa unapeleka maji mtoni; wamemwaga kifusi juu yake wakapitisha njia ya tipa. Machi maji yalipanda hadi kwenye sebule ya mama mkaanga vitumbua, mtungi wake wa gesi ukaelea. Tuliutoa sisi wanne, saa tisa usiku, kwa tochi ya simu.

Mlango wa Bluu
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Huyu si dalali. Mimi niko mtaa huohuo, nilishika tochi usiku ule.

Jirani, nyumba yangu ni ya nne kutoka kwenu, na sijauza. Mama wa vitumbua hajauza. Mzee mwenye mashine ya kusaga naye yupo, jana tumesalimiana. Dalali alikuja kwangu Jumatano akaniambia mstari wote umeshauza, nimebaki mimi tu. Neno kwa neno. Nyumba yenu alinitajia kama ya kwanza kuuzwa.

Jirani wa Bonde
Mama wa vitumbua aliniambia amefunga mizigo.

Mlango wa Bluu
Alifunga kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya kuuza. Kwa nini hatuulizani? Tunapishana uchochoroni kila asubuhi kama watu wenye deni. Wewe ulikuwa unaniona mimi ndiye niliyeuza, na mimi nakuona wewe.

Mthamini Mstaafu
Sikilizeni wote wawili. Jirani, ile karatasi isikutie hofu kuliko inavyostahili. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wewe hujateuliwa, kwa hiyo hukuwa na mamlaka ya kuuza, na walioiandika waliiona hati ina jina la nani. Ila milioni 8 ulizipokea na zitadaiwa, usijidanganye. Peleka karatasi kwa wakili kabla ya tarehe 30, kama huna uwezo uliza msaada wa kisheria. Usipokee salio, usisaini kingine hata ukiambiwa ni cha kurekebisha. Kikao cha familia kifanyike, jina la msimamizi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo. Mkiamua kuuza baada ya hapo, uzeni kwa hiari yenu, ikiwezekana mstari mzima mezani pamoja. Anayejenga uwanja wa malori anahitaji viwanja vinavyofuatana. Kimoja kimoja mtapewa bei ya kimoja kimoja.

Fundi Nondo
Na mtaro ule uzibuliwe kabla ya Novemba. Andikeni barua moja, sahihi za nyumba zote, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Mvua haisubiri mirathi.

Bibi Shauri
Dada umempigia?

Jirani wa Bonde
Namwogopa kuliko ninavyoogopa lile deni.

Mlango wa Bluu
Njoo kwangu upigie hapa. Mama wa vitumbua nimeshamwita, na maji ya chai yako jikoni.

Kagua Kwanza
Nimekosea, nisamehe ndugu. Tueleze dada amesemaje.

Jirani wa Bonde
Niko kwa jirani. Dada amepokea. Nimemwambia kuanzia ile milioni 8. Amenyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata, kisha akauliza mama analala chumba gani. Nikamwambia kile cha jikoni. Ameniambia nimhamishe usiku huuhuu, yeye anapanda basi la kwanza kesho na karatasi za vyumba vya uani, alikuwa ameweka risiti zote. Ngoja nikambebe mama.