Kiumbe kilichosanifiwa maabara: je, mtu apewe hataza yake?

Mleta mada

Wadau, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba Ananda Chakrabarty, mtafiti wa kampuni ya General Electric, anaweza kupewa hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako kwa muda) ya bakteria aliyembadilisha ili avunjevunje mafuta ghafi. Hoja iliyoshinda ni kwamba bakteria yule hakuwepo katika maumbile, ni kazi ya binadamu. Wengi wanaona suala liliishia hapo. Mimi sioni hivyo.

Msimamo wangu: aliyebuni apewe hataza ya mbinu, asipewe kiumbe wala uzao wake.

Ukibuni kiti, hakitazaa viti. Kiumbe hai huzaa, na humo ndimo sheria inamojikwaa. Mkulima wa Indiana, Vernon Bowman, alinunua soya za kawaida kwenye ghala la nafaka, akazipanda, akazipulizia dawa ya magugu, na zilizostahimili akaweka mbegu zake za kupanda tena. Zilistahimili kwa sababu zilikuwa na jeni yenye hataza ya Monsanto, kampuni ya mbegu. Mwaka 2013 majaji wote tisa wa mahakama hiyohiyo ya Marekani walisema amenakili uvumbuzi wa mwingine. Alijitetea kwamba mbegu hujizalisha zenyewe, hawakumkubalia. Alijua anachokifanya, hapo simtetei. Kinachonisumbua ni kwamba kupanda na kuweka mbegu, kazi ya mkulima tangu kilimo kianze, sasa kunaweza kuitwa kunakili.

Tazameni pia vile vidude vya seli za chura vilivyotangazwa mwaka 2020 na watafiti wa vyuo vikuu vya Vermont na Tufts. Kompyuta ilijaribu maumbo mengi, yakachaguliwa yaliyofaa, kisha seli za viinitete vya chura zikaunganishwa na kuchongwa zifuate maumbo hayo. Vikatembea. Mwaka uliofuata vilionekana vikikusanya seli zilizotawanyika na kuzirundika hadi zikawa vidude vipya. Msanifu alichora umbo, sawa. Lakini kushikana, kujikunja, kuziba jeraha: hayo seli zilikuja nayo. Nani aliyezifundisha?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, unasahau fedha. Utafiti wa namna hii hula miaka na mitaji. Hataza hudumu miaka 20 tu tangu maombi yawasilishwe, kisha kila mtu ana haki. Na ili uipate lazima ueleze wazi ulivyofanya. Ukiifuta, kampuni zitaficha kila kitu kama siri ya biashara. Hapo nani atafaidika?

Mleta mada

Hoja ya siri ni nzito, naipokea. Ila sikusema hataza zifutwe. Stanley Cohen na Herbert Boyer walipogundua namna ya kuunganisha vinasaba vya viumbe tofauti, hataza yao ya kwanza, ya mwaka 1980, ilihusu mbinu. Chuo Kikuu cha Stanford kikaitolea leseni kwa mamia ya kampuni. Fedha iliingia, na hakuna aliyefungiwa mlango.

Halafu kuna panya wa Harvard, aliyebadilishwa jeni ili apate saratani kwa urahisi, atumike katika utafiti. Marekani ilitoa hataza yake mwaka 1988. Kanada iliruhusu mbinu ya kumtengeneza, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya huko ikamkataa panya mwenyewe, watano dhidi ya wanne. Mstari ninaoutaka ulishachorwa.

Mchangiaji wa pili

Na ukafutika miaka miwili baadaye! Mwaka 2004 mahakama ileile, katika kesi ya Monsanto na mkulima Percy Schmeiser, ilisema mwenye hataza ya jeni na seli analindwa hata pale seli hizo zinapokuwa ndani ya mmea mzima. Mmea huna hataza yake, ila ukiupanda umevunja hataza. Tofauti iko wapi?

Mleta mada

Kwa mkulima, haipo. Umenibana, na nakushukuru. Basi naongeza sharti: sheria itamke kwamba hataza ya jeni hukoma pale jeni inapopita katika uzazi wa kawaida wa kiumbe, shambani au majini. Atakayefanya kazi ileile maabara kwa mbinu ileile, huyo ashtakiwe. Anayeona sharti hili halitekelezeki aniambie litavunjikia wapi.