MREJESHO: Vile vidola vilivyokuwa vinasubiri kwenye kadi yangu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wiki mbili nyuma niliuliza hapa kuhusu makato matatu yaliyoandikwa "yanasubiri" (yaani pesa bado haijachukuliwa kabisa) kwenye kadi yangu ya mkopo: dola 1, dola 1 tena, na senti 37, na mie sikununua kitu. Ahsanteni sana nyote mlionijibu.

Dada aliyesema nikumbuke wapi nimeandika namba ya kadi karibuni alipatia. Usiku ule nilisajili kadi kwenye programu mbili za simu. Kumbe wanazuia dola moja kuhakikisha kadi iko hai, hawaichukui. Siku ya tano zote mbili zilitoweka zenyewe.

Zile senti 37 ndizo zilizoniumiza. Nilifuata ushauri wa "subiri tu, zitarudi", hazikurudi. Zilikamilika kwa jina la duka nisilolijua, na kesho yake alfajiri likaingia kato la dola 48. Wezi hujaribu kwanza kwa kidogo. Hapo nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi, wakaifunga papo hapo.

Kadi mpya nimeshaifuata Chake Chake, kutoka Wete ni asubuhi nzima. Dola 48 bado wanachunguza. Benki imesema pingamizi hupokelewa kato likishakamilika, lakini kadi ningeweza kuifunga tangu siku ya kwanza. Kaka uliyenihimiza nipige mapema, ulisema kweli, nisamehe sikukusikia. Zikirudi nitawaambia.