Nilitibiwa kaswende mwaka jana, kipimo bado chanya. Naombeni ushauri

Baba_Mtarajiwa: Habari zenu wakuu. Miezi 14 iliyopita, kabla sijaoa, nilitokwa na kidonda sehemu za siri, hakiumi hata ukikigusa. Nikapimwa, wakasema kaswende, nikachomwa penisilini siku hiyohiyo, kila tako sindano yake. Kidonda kikaisha, nikajua yamekwisha.

Juzi nimemsindikiza mke wangu kliniki, ana mimba ya miezi mitano. Tukatobolewa vidole wote wawili. Kipimo chake kikatoa mstari mmoja. Changu miwili, ule wa pili umefifia hadi unauinamia ndipo uuone, lakini mhudumu akaandika "chanya". Tangu tutoke pale mke wangu amenipa mgongo. Sijatoka nje ya ndoa, naapa. Je, sikupona?

Msafiri77: Pole sana ndugu yangu. Kachome tena hiyo sindano, uwe na amani.

Wa_Maabara: Msafiri, tusimchomeshe mtu kabla hatujajua. Kipimo cha mstari, sawa na kile cha maabara kiitwacho TPHA, kinatafuta kingamwili dhidi ya kijidudu chenyewe cha kaswende. Kingamwili hizo kwa watu wengi hazifutiki hata baada ya kupona, pengine hadi kufa. Kwa hiyo mstari wako, uwe mzito au hafifu, unasema tu kwamba uliwahi kuugua. Hauwezi kusema kama unaumwa leo.

Kinachofuatilia tiba ni kipimo kingine cha damu, RPR au VDRL, chenye namba. Damu inazimuliwa nusu kwa nusu: 1:2, 1:4, 1:8, na kuendelea, mpaka isionyeshe tena. Ulipewa namba mwaka jana? Itafute, kisha kapime RPR upya.

Mama_wa_Watatu: Mdogo wangu, mkeo alijua habari za mwaka jana? Kama hakujua, hapo ndipo penye kidonda sasa. Mwambie leo, usingoje karatasi. Na yeye asiridhike na mstari mmoja tu, arudie kupima mimba ikikaribia mwisho, maana kaswende humpata mtoto tumboni na mimba inaweza kuharibika.

Baba_Mtarajiwa: Dada, hakujua. Niliona aibu. Wa_Maabara, karatasi nimeipata: RPR 1:32. Ya leo asubuhi ni RPR 1:4.

Wa_Maabara: Afadhali! Kutoka 32 hadi 4 umeshuka ngazi tatu: 16, 8, 4. Tunachotaka baada ya tiba ni ngazi mbili au zaidi, yaani namba igawanyike kwa nne. Ungeambukizwa upya tungetarajia ipande kwa kiasi hichohicho. Wengine hubaki na namba ndogo kama yako miaka na miaka, wala si ugonjwa. Mpelekee daktari karatasi zote mbili aamue yeye, na ukirudia iwe RPR tena, maabara ileile ikiwezekana. Usilinganishe RPR na VDRL, namba zake haziendi sawa. Ila kumbuka, kupona hakukupi kinga. Ukikutana nayo tena, inakushika tena.

Baba_Mtarajiwa: Nimemwambia yote jana usiku. Alilia, kisha akaomba karatasi, akazisoma mwenyewe chini ya taa, kidole kwenye ile 1:4. Kesho tunakwenda kwa daktari wote wawili.